Tiketi za Nusu Bei Sokoni Tulia

Alhamisi.

Kumbe kushusha bei ndiko kumetuharibia. Leo nimezunguka soko la Tulia na kipaza sauti, "Tiketi za mechi ya Jumamosi, nusu bei!", na watu wakaniangalia kama muuza nyanya za kumalizia jioni.

Mama Mwende wa maharagwe ndiye alisema wazi: "Baba Kioko, kitu kizuri hakishushwi bei kabla mtu hajaomba apunguziwe. Timu yenu imeanza kuoza?" Soko zima likacheka. Hata mimi nilicheka, lakini iliniuma.

Mwenyekiti wa timu amesema uwanja usipojaa Jumamosi, timu inavunjwa. Miaka kumi na minane nimeosha jezi za hao vijana na kuwaombea kabla ya kila mechi. Siku hizi nikisema "Ee Bwana" naishia hapo tu, maneno hayaji.

Mwishowe Mama Mwende alinihurumia, akanunua moja. Ndiyo hiyo tu nimeuza.

"Lakini Jumamosi niko na mazishi Mbumbuni," akasema. "Si nitaitumia mechi ile ingine?"

Na mimi, mzee wa kanisa, nikamwambia ndiyo, utaitumia.