Beberu Huulizwa Babake

Mama Farouk,

Ukirudi kutoka kisimani utapata nimeshaenda hospitali Kitui. Sikutaka unisindikize. Chai iko kwa thermos. Beberu mwekundu asifunguliwe, jirani amelalamika tena.

Leo baada ya swala nilimwambia Farouk akapimwe damu. Daktari amesema saratani yangu ya tezi dume ni ile kali, na inatoka kwa damu ya ukoo. Watoto wote wanaweza kuwa na damu hiyo, hata binti yetu Ilham, kwa wanawake huja kwa titi. Farouk akanifokea: "Kwa nini ulituzaa na damu kama hii?"

Sikujua. Miaka thelathini soko la Ikutha, sijanunua beberu bila kuuliza babake alikuwa yupi. Lakini baba yangu na baba wadogo wawili walikufa wakilia mgongo, tukasema ni kazi ya Mungu, tukawazika kabla ya alasiri. Sikuuliza kitu.

~~Nitarudi Ijumaa.~~ Saratani imeshaingia kwa mifupa ya mgongo, kama wao. Msiniwekee chakula.

Farouk, siku daktari atakuuliza babako alikufa na nini, usiseme mgongo.

Baba yenu