Barua Nyuma ya Saa

Glasgow, 28 Septemba 1994

Dada Peigi,

Hujambo? Na mama, kile kifua kimelegea kidogo? Mimi mwili mzima, ila moyo ndio mbovu.

Msomee mama barua hii polepole, kwenye sikio lake la kulia. Usiruke neno.

Mama, kile kitabu cha mashairi kilichonipa jina si changu. Unakumbuka mwaka niliotoka hospitali na mapafu yangu, ukawa unanichukua kinamasini? Wewe unakata mboji, ule udongo wetu wa kuchoma badala ya kuni, mimi napanga vipande vikauke, na huku unatunga nyimbo. Tulikuwa wawili tu. Mwaka uliofuata ukaingia meza ya Bwana kanisani, ukaacha nyimbo za dunia. Nikajiambia, ameshazitupa, nani atazidai? Nikazigeuza Kiingereza, nikaweka jina langu. Tungo thelathini na moja. Kwetu hata mlevi haimbi bila kutaja kwanza nani katunga. Mimi nimenyamaza miaka ishirini na mbili, na tangu hapo sijatunga hata ubeti mmoja wa kwangu unaosimama.

Peigi kaniambia daktari kasema siku zako zinahesabika. Sema lolote, Mama. Hata nitukane. Usiniache nalo hili.

Mwanao,
Torcuil


Kisiwa cha Lewis, 6 Oktoba 1994

Torcuil,

Salamu. Mimi nipo. Mama tumemzika jana.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilikuwa namenya viazi vya Jumapili na mboji bado haijaingizwa ndani, nikaichomeka nyuma ya saa. Jumapili, unajua, nyumba hii hakisomwi kitu ila Kitabu. Mama akaniuliza Torcuil anasemaje. Nikamwambia nitamsomea kesho.

"Kesho ya nani, Peigi?" akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Alasiri akaanza kuimba. Wimbo wa kinamasini, mpya, na jina lako limo. Zaidi ya miaka ishirini sijamsikia akiimba ila zaburi. Nikamwambia, "Mama, leo Jumapili."

Akanyamaza kama mtoto aliyekanywa. Hakusema tena. Jumatatu hakuiona.

Jirani Dòmhnall alikupigia simu asubuhi ile. Tukakungoja siku mbili na jeneza sebuleni. Wanaume wakauliza nani atashika kamba ya kichwani, ile ya mwana, kumteremsha kaburini. Nikawaambia mwanawe yuko njiani. Kaishika Dòmhnall.

Barua nimeifungua leo. Sasa najua kwa nini hukuja: ulidhani tumeshaisoma. Ningekutukana kwa niaba yake, lakini aliyemnyamazisha ni mimi. Ule wimbo nimeshika mistari miwili tu. Siiandiki.

Dada yako,
Peigi


Glasgow, 19 Novemba 1994

Dada yangu,

Habari za baridi? Paa limehimili ule upepo? Barua zangu tatu hukuzijibu, wala sikulaumu. Ulilosema ni kweli. Nilifika bandarini Ullapool, nikaiona meli ya kwetu imefungua mlango, nikageuka nikapanda basi la kurudi.

Juzi nilialikwa kusoma mashairi hapa mjini. Ukumbi umejaa. Nikasimama nikasema, tungo hizi zote kazitunga Raonaid binti Iain, mama yangu, na mimi nilimwibia. Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Nikarudia, nikadhani hawajasikia. Wakasimama, wakapiga zaidi. Bibi mmoja akanishika mkono.

"Una unyenyekevu, mwanangu," akasema. "Mama yako alikulea."

Mchapishaji naye kasema maneno yale ni matamu, tuyatie mwanzoni mwa toleo jipya. Dada, makofi yale yataniua. Nikila nayasikia.

Nakuja. Meli ya Jumamosi, tarehe 26. Mwombe Dòmhnall atupatie ukumbi wa kijiji Jumatatu. Nitaziimba kwa lugha aliyozitungia, na kabla ya kila moja nitamtaja yeye, mara thelathini na moja. Huko mtu akisema kaiba, watu wanajua kaiba. Ndiko ninakotaka kusemea. Ile mistari miwili utanipa au utaninyima, wewe ndiye mwenye nayo.

Nisubiri gatini. Abiria wakiisha kushuka na mimi hunioni, usiulize mtu. Rudi nyumbani, uwaambie watu Raonaid alizaa mtoto mmoja tu, wewe.

Ndugu yako, mpaka Jumamosi,
Torcuil