Mkate Ambao Reb Zundl Hakuugusa

Dada yangu mpenzi Brayndl,

Shalom kutoka Brooklyn. U hali gani, na magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Antwerp? Sisi wazima, ila mimi roho haijatulia tangu Gitl wetu achumbiwe.

Mkwe wetu mtarajiwa, Reb Zundl, baba wa mchumba wake, kila akija hapa anakula samaki, anakula kuku, lakini mkate anausukuma pembeni. Nikajua tu, wanaona kosher yetu ina walakini, kwamba sheria za chakula hatuzishiki sawasawa. Si unajua mimi hununua mkate wa kiwandani? Hershl wangu akaniambia niache wasiwasi, muhuri wa marabi upo. Nikamjibu sawa, upo, lakini tanuri aliliwasha Myahudi, au yeyote aliyekuwa zamu? Na mbona laini hivyo, hawakutia maziwa, na sisi tunaula na nyama, ilhali viwili hivyo havichanganywi?

Rabi alinihakikishia hauna tatizo. Sikuridhika. Walipokuja tena nikaoka mwenyewe, nikatenga lile donge la unga kama tulivyoamriwa, nikamwekea mbele yake. Akasema, "Mama Gitl, usijisumbue, tumbo langu tu." Tumbo gani, mtu aliyemaliza sahani mbili za viazi! Nikaona ndiyo basi, uchumba unavunjika, na mwanangu anampenda yule kijana.

Jumapili nikambana mkewe, Perl, jikoni. Nikamwambia kama jiko letu mnalitilia shaka semeni, msituzungushe. Akaangua kilio, dada. Akasema mkate hauna kosa. Ukila mkate lazima ifuate ile sala ndefu ya shukrani, na mgeni ndiye huongoza. Zundl, aliyekuwa akiongoza sinagogi nzima, akili inampotea; hata akishika kitabu anaruka mistari, anasahau yuko wapi. Wakaficha, maana ugonjwa ukijulikana, nani atampa mtoto wao binti yake? Mimi nawashuku, kumbe wao wananiogopa mimi. Niliona aibu sana.

Gitl nimemwambia. Akanijibu, "Kwani naolewa na baba yake?"

Sabato hii watakuja, na Sabato mkate haukwepeki. Hershl atamwomba Zundl aongoze, nasi tutaimba wote pamoja naye kwa sauti kubwa, hata akipotea asijue mtu, pengine hata yeye mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto. Hili libaki baina yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Fradl