Ile Siku Sifa Alijifungia Ndani ya Gari

Walikale, wakati wa mvua

Kwako dada yangu Mapendo,

Barua hii ikukute umekaa, na mikono yako haina kazi hata kwa dakika moja, ingawa najua hiyo ni ngumu kwako. Habari ya huko Kingi? Watoto wanaenda masomo? Maharage ya kule chini karibu na mutoni ilikauka vizuri, ao mvua iliwahi kufika? Na bega yako, baridi ya wakati huu inaifanya nini? Watu wakikuuliza unasema "haiko mubaya", lakini mimi ni mudogo wako, uniandikie ya kweli.

Mimi niko muzima. Chumba ninamokaa haivuji tena, niliweka bati mupya upande wa mulango. Sombe ya huku, haya majani yao ya muhogo, wanatia mawese mingi kuliko yetu, na sasa nimeizoea mpaka naogopa yako nitaiona haina ladha. Barua naipa Papa mumoja anayepeleka mawese mpaka Masisi, ni mutu wa kanisa letu, atakufikishia mukononi. Ningeweza kukupigia, lakini telefone ya huku inakatika-katika, na jambo ninalotaka kukuambia sipendi likatike katikati.

Mama alikuambia kwamba kituo ya afya ninapoendesha ilipata gari ingine. Ile ya zamani ilikuwa na mulango moja inayofunguka kwa inje tu, na ingine tulikuwa tunaifunga na kamba. Hii mupya inafunga milango yenyewe. Ukianza tu kutembea, kabla hujafika mwendo wa mutu anayekimbia, unasikia "kap", na milango yote mine imejifunga. Tena iko butoni moja pembeni ya mukono wangu. Naibonyeza, yote inafungwa. Naivuta, yote inafunguka. Zamani nilikuwa nazunguka gari nzima kwenye mvua, nasukuma kila mulango na goti. Sasa nakaa tu kwenye kiti. Tukisimama ku soko, watu wanazunguka gari, wanagusa huku na huku, na dawa ziko nyuma salama.

Muganga Riziki, mama mwenye tunasafiri naye kubeba wagonjwa, alinicheka. "Bauma," akasema, "hata ikijifunga yenyewe bado unashuka kuisukuma. Unatafuta nini?"

Nikamuambia ni mazoea tu. Haikuwa mazoea, na utaona.

Sasa nikuelezee habari ya Sifa. Ni mwanamuke kijana wa Kashebere, alizaa mutoto wake wa kwanza, musichana. Siku ya sita baada ya kuzaa homa ikamushika mubaya, akaanza kusema maneno yasiyofuatana. Bwana yake alikuwa musituni kwa kuwinda. Mama mukwe wake ndiye aliyetuita. Muganga Riziki akamupima, akamuchoma sindano, akasema hii si ya kituo yetu, tumupeleke hospitali ya Mweso, na tusikawie.

Tukamuweka nyuma, kando ya mulango ya kuume, mutoto mukononi mwake, mama mukwe karibu naye. Muganga Riziki akakaa mbele na mimi. Mwanzo Sifa alikuwa kimya. Tulipofika pale barabara inabana kilima, na upande wa kuume hakuna kitu isipokuwa bonde, nikasikia anasema, "Wananipeleka wapi? Nataka nyumbani." Nikatazama ku kioo. Alikuwa ameweka mutoto ku magoti, na mikono yote mbili inavuta kishikio ya mulango. Anavuta, anasukuma na bega, anavuta tena.

Mulango ilikataa.

Mama mukwe akamushika kiunoni, Muganga Riziki akageuka na kushika mutoto. Mimi sikuweza kusimama, juu ya ule mutelemuko ungesimama ungeteleza. Niliendelea kuendesha polepole, macho ku barabara, na masikio yote kwenye ule mulango. Sifa akaegemeza kichwa ku kioo akatazama chini. Nadhani hapo njo aliona bonde. Aliacha kishikio, akarudisha mutoto kifuani.

Dada, mpaka tukapita kona tatu nilikuwa nabonyeza ile butoni tena na tena. Kama ingekuwa ile gari ya zamani, leo nisingekuwa nakuandikia barua ya namna hii.

Haikuishia hapo. Mvua ikanyesha, na saa kumi hivi gurudumu ya nyuma ikazama mu matope mpaka nusu. Sifa alikuwa amefunga macho. Tukashuka wote watatu kutafuta mawe na matawi. Niliacha mutambo ya gari inawaka ili mutoto asipate baridi, funguo ikabaki humo, na kioo ya upande wangu niliiacha wazi vidole viwili nisikie kama mutu analia. Nimeinama na jiwe mukononi, nikasikia "kap".

Nikainuka. Sifa alikuwa amepita katikati ya viti, amekaa mahali pangu na mutoto wake, kidole bado ku butoni.

Mama mukwe akakimbia ku mulango. "Sifa, fungua! Fungua, mutoto wangu!" Sifa akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho. Akaweka mukono mumoja ku volani ya kupindisha gari, kisha akagusa kile kijiti ya vitesi, ya kubadilisha gia, na mimi nikaona mbele ya gari hakuna mita nyingi kabla ya bonde kuanza.

Muganga Riziki alikuwa tayari ameokota jiwe. "Nivunje kioo?"

"Vipande vitaangukia mutoto," nikasema. "Ngoja."

Nikaweka mudomo karibu na ule uwazi wa kioo. Nikamuamuru kama shofere anavyoamuru, ikawa bure. Nikamubembeleza, ikawa bure. Akaniambia kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, "Mukifungua tutaanguka. Nimeona kule chini."

Mvua ilikuwa inaniingia mugongoni. Nikajikuta nasema habari yako.

"Dada yangu alianguka zamani kutoka ku gari," nikamuambia.

Akanitazama. "Wapi?"

"Tulikuwa tunapeleka maharage ku soko ya Masisi. Ku kona, mulango ikafunguka, akaenda na mulango."

"Nani alimusukuma?"

Dada, mutu mwenye homa anauliza yale ambayo wazima hawaulizi. Miaka hii yote hakuna mutu aliniuliza hivyo. Nikamujibu, "Hakuna aliyemusukuma. Mimi njo sikufunga mulango."

Sehemu hii wewe hujaisikia kamwe. Siku ile baba mudogo aliniambia, "Bauma, funga upande wa Mapendo, isukume mara mbili." Nilikuwa nakula muhindi wa kuchoma. Nikaisukuma mara moja na kiwiko, nikasema, "Nimeshafunga." Wewe ulipoanguka, watu wote wakasema gari ya baba mudogo ilikuwa imechoka, na yeye mwenyewe akaamini. Baba yetu alimaliza miaka miwili bila kumusalimia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, niliona wanavyogombana, nikanyamaza. Baadaye nikawa mukubwa, na kunyamaza ilikuwa imekuwa rahisi kuliko kusema. Kazi hii ya gari, watu wanadhani niliipenda. Nilitaka tu milango ifungwe na mimi.

Mutoto alianza kulia, Sifa akamupa ziwa palepale, ku kiti yangu. Kisha akauliza, "Alikufa?"

"Hapana. Yuko Kingi. Analima, ana watoto wane. Bega moja tu njo haipandi juu."

"Alikukasirikia?"

"Hajui."

"Utamuambia?"

Muganga Riziki alikuwa karibu yangu na jiwe lake, mama mukwe anaomba Mungu kwa Kihunde. "Nitamuambia," nikasema.

"Na mulango yangu, utaifunga?"

"Nitaifunga. Kisha wewe mwenyewe utaisukuma, uone kama inafunguka. Kama inafunguka hatuendi."

Alifikiri sana. Akavuta butoni. "Kap." Nilifungua polepole, kama unavyofungua nyumba yenye mutoto amelala, Muganga Riziki akapokea mutoto, na sisi wawili tukamurudisha Sifa nyuma. Nikafunga mulango yake, nikasubiri, kama nilivyomuahidi. Akaisukuma na mukono, akaisukuma na bega. Akasema, "Haya."

Watu waliokuwa wanatoka shambani wakatusaidia kusukuma. Tulifika hospitali giza ikiwa haijaingia, wakampokea mara moja. Muganga wa pale alisema ni homa ya uzazi, na kwamba siku moja zaidi ingekuwa habari ingine. Alilala huko zaidi ya juma mbili. Amepona, dada. Mutoto amenona, shingo haionekani.

Juma iliyopita njo mimi niliyemurudisha Kashebere. Bwana yake alikuja kumuchukua, kijana mupole, alibeba mutoto njia yote kama anabeba mayai. Sifa hakumbuki matope, wala jiwe, wala kishikio alichokuwa anavuta. Nilifurahi hakumbuki. Lakini tulipofika kwao, bwana yake akiwa anashusha mizigo, akazunguka mpaka upande wangu.

"Wewe njo ulikuwa na dada?" akaniuliza. "Ao niliota?"

"Hukuota."

"Ulishamuambia?"

Nikasema bado, nilikuwa na kazi mingi. Akanitazama tu. "Mimi, wananiambia nilikuwa na wazimu, nikafungua," akasema. "Wewe ni muzima, unangoja nini?"

Sikungoja tena. Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimechana. Hii ya tatu sitaisoma tena, nisije nikapunguza kitu. Sikuombi uniambie haiko mubaya. Nilikuwa mutoto, ni kweli, lakini miaka ya utoto iliisha na mimi bado nilinyamaza, na uzito huo baba mudogo ndiye aliyeubeba. Tangu jana niliposhika kalamu, kifua changu ni chepesi, na hata nikiogopa jibu yako, ni woga ninaouweza.

Unisalimie mama, umuambie nyama ya musituni aliyoniomba nitaikausha vizuri. Nisalimie shemeji yangu, na watoto wote wane, na yule bibi jirani anayekutunzia mbuzi. Katekista wetu, umuambie naimba bado sauti ya pili. Baba mudogo umusalimie sana, lakini haya mengine usimuambie, nitamuambia mimi mwenyewe, nimesimama mbele yake.

Wamenipa siku kumi za kupumuzika mvua ikipungua. Nitakuja Kingi. Kama ukisoma hii utakasirika, ukasirike mpaka hasira iishe, usijizuie kwa ajili yangu. Na kama nitafika haijaisha, nitakaa inje ku kibaraza, unipe kazi, maharage ya kupura haikosekani kwako.

Ni mimi mudogo wako,
Bauma