Kwa Baba Aliyetoroka Wodini

Satellite, Nairobi
Jumapili, tarehe 7 Septemba

Baba,

Leo ni miezi minane tangu nitoke nyumbani, na wiki tatu tangu wewe utoroke wodini. Naandika kwa sababu simu zangu unazikata. Mama akusomee yote, asiruke mahali pa ukali.

Nianze na mwaka jana, siku kikundi chetu cha mwethya, cha kulimiana kwa zamu, kilipochimba matuta shambani kwa Mama Mwende. Tulikuwa kwenye mstari, kila mtu na kipande chake. Uliinua jembe, halafu ukalala mtaroni kama mtu aliyesukumwa. Ulipofumbua macho watu walikuwa wanacheka. "Mzee amepata godoro!" mwenyekiti akasema, na wakakutoza kuku kwa kukwepa kazi, kama wanavyotozwa wavivu wote. Ulitoa jogoo wako. Mimi pia nilicheka, Baba. Sijawahi kukuambia. Tangu siku hiyo unachimba vipande viwili ili usiitwe mvivu tena.

Ulipokuja kunitembelea mwezi uliopita, ulianguka hapa mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Nikakupeleka hospitali kule Upper Hill, karibu na jengo ninalobebea zege. Yule daktari binti mwenye miwani akakuuliza, "Mzee, unaanguka mara ngapi kwa mwezi?"

"Mimi sianguki. Huwa naketi ghafla."

"Na nani hukuinua?"

"Aniinue nani? Mke wangu ana kazi zake."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha wakakubandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye vilima vidogo, na kicheko chake kikaisha. Moyo wako ulikuwa unapiga mara thelathini na tano kwa dakika. Wewe ukajisifu kwamba huo ni moyo wa mwanamume asiye na haraka.

Alipoeleza ulikuwa unatazama dirishani, kwa hiyo nisikilize mimi. Niliishia darasa la saba, lakini hili nililielewa kwa sababu linafanana na kazi yetu. Moyo una umeme wake. Amri ya kupiga hutoka juu na kushuka chini, kama fundi wa ghorofa ya juu anavyopaza sauti ili sisi wa chini tuvute kamba. Kuna watu ambao amri yao huchelewa lakini hufika kila mara. Hao mara nyingi huangaliwa tu, bila dawa. Kuna ambao amri nyingine hufika na nyingine hupotea njiani, na hapo kuna aina ya nafuu na aina mbaya inayoweza kugeuka ghafla ikawa kama yako. Yako ni ya tatu. Kwako hakuna amri inayofika. Sehemu ya chini ya moyo inapiga kwa kukisia, polepole, na ikinyamaza kidogo damu haifiki kichwani, unaanguka. Siku moyo utakaponyamaza sana, hutaamka.

Uliniuliza nani amekuroga. Hakuna. Njia hiyo ya umeme huingia makovu kwa uzee, au baada ya mshtuko wa moyo, na wengine huzaliwa hivyo. Dawa nyingine za presha nazo huupunguzia moyo mwendo, ndiyo maana daktari alitaka kuona vidonge vyako. Vingekuwa ndivyo vibaya, angevibadilisha, labda yangeisha. Havikuwa ndivyo.

Kwako kimebaki kile kifaa kidogo. Wanatia ganzi, wanakiweka chini ya ngozi karibu na bega, na waya wake unapita kwenye mshipa hadi moyoni. Moyo ukichelewa, kinaushtua upige. Kifua hakipasuliwi. Betri ikiisha baada ya miaka, wanakibadilisha. Ukasema, "Mimi si redio," na asubuhi muuguzi akakuta blanketi limekunjwa vizuri, mwenyewe hupo.

Jana Mama aliniambia kwamba mwethya ni Jumamosi hii na umeshanoa jembe. Hapana, Baba. Nakukataza. Najua mtoto hamkatazi baba yake, mimi nakukataza. Baba mdogo anasema tuyaachie maombi. Aombe, ila aombe sisi tukiwa njiani. Nyapara naye ameniambia nikiondoka nafasi yangu itajazwa. Nimemwambia aijaze. Nimechoka, mabega yamechubuka kwa zege la watu, lakini bado yanaweza kukubeba mpaka barabarani ukinilazimisha.

Na kikundi kikija kukudai, nitasimama mbele yao, mwenyekiti akiwepo, niwaambie kwamba yule mliyemwita mvivu alikuwa anachimba vipande viwili na moyo usiopata amri. Nitasema pia kwamba mimi mwanawe nilicheka pamoja nao. Anayetaka kucheka tena aje acheke mbele yangu.

Ukaidi huu umenipa wewe, usiushangae. Nafika Alhamisi jioni. Ijumaa alfajiri tunaondoka wawili, na daktari ameahidi kutupokea. Ukisema huendi, nitalala mlangoni kwako mpaka useme unaenda, na sitahesabu siku.

Mzaliwa wako wa kwanza,
Mutua