Kisu cha Mashine ya Nyasi

Kananu uko? Nimejifungia kwenye choo cha ukumbi hapa Gatitu, nashindwa kutoka.

Unakumbuka roboti ya kupigana tunayotengeneza darasa la jioni? Silaha niliibuni mimi, kisu kinachozunguka pale mbele. Sasa kisu chenyewe nilikitoa kwa mashine ya mama mkwe ya kukatia ng'ombe nyasi. Sikumwomba. Nilijua nitakirudisha kabla hajajua.

Ati leo amekuja mashindanoni kunishangilia! Tumeshinda raundi ya kwanza, watu wanapiga makofi, yeye akainama pale mezani: "Gakii, hiyo si kisu yangu?"

Mbele ya mwalimu. Mbele ya watu wote.

Wiki nzima alidhani ni wezi. Wiki nzima amekata nyasi kwa panga, mtoto wangu mgongoni, ndio mimi nisome. Viganja vyake vimejaa malengelenge, Kananu, na sikuwahi kuuliza.

Nikachukua spana nikifungue. Akanishika mkono. "Ungeniomba tu. Wacha, shinda kwanza. Ng'ombe wamezoea kungoja."

Ungeniomba tu!

Sasa tunaitwa raundi ya pili. Anashangilia jina langu, namsikia hadi huku chooni.