Wiki Moja ya Kumngoja Wifi

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Pilipili,

Pokea salamu tele za dada yako. Hujambo? Watoto hawajambo? Na kile kikohozi cha shemeji, kimemwachia alale? Mimi huku ni mzima, isipokuwa magoti, yananung'unika kila nikipanda ngazi na mfuko wa sufuria. Usiyahurumie, yamezoea kudeka.

Najua barua yangu iliyopita ilikutia hofu. Ilikuwa kilio juu hadi chini, ukanijibu nifunge virago nije nikae kwako. Nilitokwa na machozi nilipoisoma, asante sana. Lakini tulia sasa, mdogo wangu: sihami!

Unajua sufuria zangu naziuza nyumba kwa nyumba, kwa kujitegemea, silipwi mshahara na mtu. Kampuni inaniuzia kwa bei nafuu mradi niwe na muuzaji mwingine chini yangu; bila hivyo hata kodi ya nyumba inanishinda. Wa mwisho alipoacha, nilimtegemea wifi yangu mshonaji, maana macho yake yamechoka na sindano. Ndipo serikali ikatangaza kanuni inazopendekeza: kabla ya kumwingiza mtu, umweleze kwa maandishi watu wanapata nini hasa, umpe majina na simu za wote uliowahi kuwaingiza, kisha umwache wiki nzima afikiri ndipo upokee ada yake ya kujiunga.

Nilikufa moyo. Kazi yetu ni ya papo kwa papo: mtu anaona yai linateleza kwenye kikaango bila mafuta, anachangamka, anajiunga. Mpe wiki, na mtaa mzima utakuwa umeshampa ushauri.

Na wifi, unavyomjua, akaja akakaa kwenye kochi langu, mkoba mapajani. "Hata kama bado si sheria, wifi, mimi nifanyie hivyo hivyo. Undugu tuuweke kando."

Nikamweleza ninachopata, bila kuficha. Hilo halikunisumbua. Ila katika niliowahi kuwaingiza, nani alikuwa wa kwanza? Redio! Yule msusi wa hapo chini, aliyeacha kazi hii kwa kishindo mpaka jengo zima likasikia. Nilimpa wifi namba yake. Kila nikisikia kicheko kutoka saluni, najua ni mimi ninayechambuliwa.

Siku ya tatu wifi akagonga, ada mkononi. Nikamuuliza Redio kasemaje.

"Kasema kazi ni ngumu, miguu inavimba, na wale wakubwa wa kampuni wanatia chumvi mno. Lakini kasema wewe hukuwahi kumdanganya. Na alipoacha, ulizichukua sufuria zake zilizobaki ukamsaidia kuziuza, wala hukumtupia neno."

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamrudisha na ada yake. Wiki ni wiki! Alinitolea macho, akaniita kichaa, akashuka ngazi akicheka peke yake. Wiki ilipotimia alikuwa mlangoni kabla sijanawa uso. Sasa ananishinda kwa mauzo. Anawaangalia wateja kuanzia mabegani kana kwamba anataka kuwakatia gauni.

Kisha serikali ikatuita ukumbini kutoa maoni. Nilisimama, ingawa unajua ninavyoogopa kipaza sauti. Nikawaambia wiki ya kufikiri waiache, haijaniua. Ila majina ya watu yasitolewe bila wenyewe kukubali. Juzi kanuni zimetoka zikiwa zimerekebishwa, na hilo limo. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu mwanzo wa mwaka. Nyumba yangu ninayo, kazi yangu ninayo.

Basi kwako nitakuja, lakini kama mgeni mwenye kwake. Nitakuletea kikaango kikubwa. Usinikimbilie na pesa mlangoni, Pilipili. Utafikiri wiki nzima, na wiki hiyo yote mimi nitakuwa nakula kwako.

Nisalimie shemeji, watoto, na mama mkwe wako mcheshi. Wifi anakusalimu. Redio naye anakusalimu, ingawa kwa sauti ile huenda umeshamsikia. Mungu awalinde nyote, awape usingizi mtulivu kama anaonipa mimi siku hizi.

Wako akupendaye na asiyehama,
Dada yako wa Sufuria